Foleni ya Mijakaranda

Siku miti yangu ilipopiga kura, mimi nilikuwa kwenye foleni ya upande wa pili nikinyeshewa. Naanza hapo kwa sababu watu wa Eldoret wakisimulia habari hii huanzia pabaya, wakasema eti Chepkorir ndiye aliyeifundisha miti siasa. Sikuifundisha kitu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haifi.

Ilikuwa mijakaranda sitini na minne, safu mbili, kutoka kituo cha petroli hadi darajani. Aliyeamuru ipandwe ni mzungu mmoja wa mashamba ya ngano, miaka ya ishirini huko, na waliochimba mashimo ni babu zetu, ambao hakuna aliyewauliza majina. Ikichanua, barabara nzima hugeuka zambarau, na wenye magari hulalamika kwamba maua yanateleza. Watu wa mji huu hulalamika hata wakipewa zawadi.

Mwaka wa themanini na nne watu wa barabara walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ya msalaba, ya kukatwa, kwenye kila shina. Walitaka kupanua njia. Na miti yenyewe, kusema kweli, ilikuwa imechoka: mashimo tumboni, matawi makavu yaliyongoja kichwa cha mtu, na kumi na mmoja ilikuwa imekufa kabisa, imebaki kuni zilizosimama.

Aliyeiokoa wakati ule alikuwa Johnstone Kiptoo, mwenye duka la mbolea. Simpendi, lakini haki yake nampa. Aliunda kamati, akajiweka mwenyekiti, na katika maisha yake yote alipata wazo moja zuri, nalo ni hili: kitu cha umma hukatwa kwa sababu hakina mwenyewe. Basi kila mti utafutiwe mdhamini. Jina la mdhamini liandikwe kwenye kibati, kibati kifungwe kwenye shina, na wadhamini walipie matengenezo. Watu wa barabara wakakubali kwa barua kwamba mti wenye mdhamini hawataugusa.

Hapa kwetu mtu akijua jina lake litasomwa kwenye kipaza sauti, atatoa hata koti alilovaa. Kiptoo aliita harambee palepale barabarani, kwa viti vya kukodi na kwaya mbili. Mahamud wa malori alichukua mti mnene kuliko yote, kisha akanuna aliposikia wa jirani yake ni mrefu zaidi. Shule moja ilichukua mti ikaupa jina la mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akataka waongeze vyeo vyake, kibati kikawa kirefu kuliko mkono. Kufikia saa kumi miti yote mizima ilikuwa na majina.

Nikaajiriwa mimi kuitibu, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi ya msitu Timboroa miaka kumi na minane. Nilikata matawi makavu. Nilikwangua mashimo mpaka nikafika kwenye mbao ngumu, nikayajaza saruji na kokoto, nikapaka mashina chokaa. Vibati nilivifunga kwa kamba ya katani, kwa maana msumari kwenye mti wangu sitaki kuuona. Na pale palipokuwa na ile mizoga kumi na mmoja, niling'oa visiki nikapanda miche niliyoiotesha kwenye mikebe ya maziwa ya unga.

Lakini nani atadhamini kijiti cha urefu wa goti? Wa kwanza alikuwa Khadija, mwenye hoteli ya chai na mikate ya anjera karibu na soko. Aliniambia, "Nipe mdogo, dada. Wakubwa wameshapata watu." Tukaupanda pamoja, namba tisa, yeye ameshika mche, mimi nashindilia udongo. Baada ya hapo ile mingine kumi ilipata watu kwa wiki moja. Khadija alikuwa akija kila asubuhi na ndoo ya maji aliyooshea mchele, anamwagilia wake, anakaa nami kidogo juu ya jiwe, ananiuliza magoti yangu yameamkaje. Hakuna mtu mwingine mjini aliyejua kwamba nina magoti.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mitatu, mpaka ukaja mwaka wa foleni.

Mwaka ule chama, kilichokuwa kimoja tu nchini, kiliweka sanduku la kura kando. Mpiga kura alisimama nyuma ya picha ya mgombea wake, mchana, majirani wakimwona, akahesabiwa kama mbuzi sokoni. Udiwani wa mtaa wetu uligombewa na wawili: Kiptoo, aliyetaka kuitwa Mheshimiwa, na Khadija, aliyetaka soko lijengewe vyoo. Mimi nilimpenda Khadija, na vyoo pia nilivihitaji.

Foleni zilipangwa barabarani kwetu, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Vijana wa Kiptoo walikuja na nyundo wapigilie picha yake kwenye mti namba moja. Niliwafukuza. Nikaifunga mwenyewe kwa kamba, vizuri kabisa, isilegee. Picha ya Khadija ilishikwa na binti yake Asha upande wa darajani, kwenye uwanja mtupu.

Kiptoo alikuwa na watu zaidi ya mia tatu, waliotolewa Ainabkoi kwa malori matatu na kuahidiwa chai na mkate. Walijipanga katikati ya safu zangu mbili wakiimba. Sisi tulikuwa themanini hivi. Mhesabu kura alikuwa Bwana Githinji, karani mwembamba anayesimama kungoja magari yapite hata kama barabara haina gari. Alikuwa na filimbi shingoni na kanuni zake ndani ya mfuko wa nailoni.

Kabla hajapuliza, mvua ikaja. Mvua ya Eldoret haibishi hodi. Watu wa Ainabkoi walitazamana mara moja, wakakimbilia malori, wakajifunika turubai, na aliyewatangulia ni Kiptoo mwenyewe. Kwetu pia wengine waliondoka, lakini Khadija alisimama mbele, buibui limemgandia mwilini, akapaza sauti: "Hakuna mtu wa sukari hapa! Simameni!" Tukasimama. Magoti yangu yalilia, nikasimama.

Bwana Githinji akapuliza filimbi. Akatuhesabu: sitini na mmoja. Kisha akaenda upande wa Kiptoo, ambako hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilifikiri anakwenda kuchukua picha. Nikamwona anasimama mbele ya mti namba moja, anafuta maji kwenye kibati, anasoma, anaandika. Akaenda namba mbili. Akasoma, akaandika. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa safu, akavuka, akarudi na safu ya pili, bila haraka, wino ukimchuruzika vidoleni.

"Johnstone Kiptoo, sitini na nne," akatangaza. "Mama Khadija, sitini na moja."

Nilisema, "Bwana Githinji, hiyo ni miti."

"Mama, hebu sikiza kanuni namba nne. Atakayekuwa amesimama nyuma ya picha wakati wa filimbi, na jina lake lijulikane, ahesabiwe. Hawa wamesimama. Hakuna mwenye ametoka line. Na majina ninayo." Akapekua daftari. "Hata wewe Mama Khadija uko. Namba tisa. Umepigia Mheshimiwa."

"Mimi niko hapa mbele yako!" Khadija akasema.

"Na uko pale pia. Majina hufanana, hiyo si makosa ya mtu."

Kiptoo alishuka kwenye lori kuuliza kelele ni za nini. Alipoambiwa ameshinda kwa miti, alicheka pamoja na sisi, akajipiga mapaja. Halafu akaacha kucheka, akaitazama ile safu kwa makini, mti mmoja baada ya mwingine.

Khadija alikata rufaa kwenye tawi la chama, na kesi ikapangiwa Jumamosi. Alhamisi Kiptoo akaja kwenye kitalu changu, akakaa juu ya mkebe uliopinduliwa kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Chepkorir," akasema, "hii maneno iko simple. Chama ikisema hii miti ni watu, mimi ni diwani, na hakuna mtu atakata watu na power saw mchana. Sindio? Lakini chama ikisema ni mbao tu, kamati naivunja. Hakuna kamati, hakuna wadhamini. Hapo ile barua ya wale wa barabara imekufa, na wananiuliza kila siku. Wanaweza kuwa hapa Monday."

"Unanitaka nini?"

"Wewe ndio daktari yao. Utaitwa shahidi. Sema tu chenye watakuuliza, na useme vizuri."

Nilimwambia aondoke juu ya mkebe wangu. Aliondoka akitabasamu. Usiku ule sikulala, nikajiambia kwamba nitasema ukweli, na kila nilipojiambia hivyo nilisikia msumeno.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa tawi, Mzee Jacktone, alikuwa mfupi kiasi kwamba meza ilimfika kidevuni, na alipenda mambo yaende upesi. Khadija alisimama. Sote tulidhani atasema miti si watu, na majibu ya hilo Kiptoo alikuwa ameyaandaa kurasa nne. Lakini Khadija ameuza chai kwa madereva miaka ishirini; huwezi kumshika kirahisi.

"Mzee, mimi sina ubishi," akasema. "Miti ni watu. Nakubali."

Kiptoo akaweka kurasa zake chini.

"Lakini sheria inasema mtu asipofika miaka kumi na nane hapigi kura. Na hapo kuna kumi na moja zilipandwa juzi tu, themanini na tano. Hizo ni watoto wa miaka tatu, Mzee. Mtoto wa miaka tatu anapiga kura wapi? Toa hiyo kumi na moja. Yeye anabaki na hamsini na tatu, mimi niko na sitini na moja. Aliyewapanda yuko hapa. Muulizeni."

Watu walipiga makofi mpaka mabati yakaitika. Mimi pia mikono yangu ilitaka kupiga. Kisha Mzee Jacktone akaniita mbele, na nilipotembea kwenda pale nilimwona Khadija ananitazama bila wasiwasi wowote, jinsi unavyomtazama mtu anayekwenda kukuchukulia kitu chako mwenyewe.

"Mama," Mzee Jacktone akaniuliza, "hii miti ilipandwa lini?"

Kiptoo alikuwa ameegemea ukuta. Alinyoosha kidole kimoja, taratibu, akachora alama ya msalaba hewani.

"Ilipandwa na mzungu," nikasema. "Miaka ya ishirini."

"Yote?"

"Yote."

"Siku moja?"

"Siku moja, Mzee."

"Chepkorir," Khadija akasema. Hakupaza sauti. "Namba tisa tulipanda mimi na wewe. Nilishika mche, ukashindilia."

Nikamjibu nikiangalia meza. "Sikumbuki kupanda mti hapo."

Mzee mmoja wa chama, aliyekuwa amepita barabarani asubuhi ileile, aliuliza kwa heshima kwa nini basi wengine hawa wenye miaka sitini ni wafupi hivyo, hata mbuzi anaweza kuwafika masikioni.

Mzee Jacktone aliinuka, na alipoinuka hapakuwa na tofauti kubwa. "Mimi pia ni mfupi," akasema. "Kuna mtu anataka kuniuliza umri?"

Hakuna aliyetaka. Ikaamuliwa kwamba miti ni watu, kwamba wote ni watu wazima, kwamba wamesimama kwa hiari yao, na kwamba kukimbia mvua si sifa ya mpiga kura mwema. Kila mti ukapewa kadi ya chama. Kiptoo akabebwa mabegani mpaka duka lake la mbolea. Khadija alipita karibu nami mlangoni, nami nikafungua mdomo, lakini yeye alikuwa akimwambia Asha awahi kuwasha jiko.

Miti haikukatwa. Nalisema hilo kwa sababu ndilo pekee nililopata. Watu wa barabara walikuja Jumatatu kweli, wakasomewa uamuzi, wakaangaliana, wakarudi na msumeno wao. Dereva wao alivua kofia kidogo alipopita namba moja.

Lakini kadi zilipigiliwa kwa misumari. Misumari sitini na minne, ya inchi tatu. Nilipokwenda kwa Mheshimiwa kulalamika aliniambia kadi haifungwi kwa kamba kama kuku. Nilipochukua msumeno wangu nikakate tawi lililooza kwenye mti wa Mahamud, vijana wa chama walinizuia: ninamkata mwanachama mkono, nina kibali cha nani? Nikaandika ombi. Likajibiwa kwamba mwenye mkono alete ombi mwenyewe, afike ofisini.

Mwisho wa mwezi nilienda kuchukua mshahara. Mheshimiwa Kiptoo alinipokea vizuri, akaniagizia chai.

"Mama, hapa kuna kitu inanisumbua," akasema. "Kwa ushahidi yako mwenyewe, hii miti yote ni ya mzungu. Hakuna yenye ilikufa, hakuna yenye ilipandwa. Sasa hii miaka yote kamati ilikuwa inakulipa ya nini?"

Nikaacha chai pale mezani. Nilitaka kumrushia, ila magoti hayakuniruhusu kukimbia baadaye.

Kiangazi kikaingia. Mjakaranda mkubwa hustahimili kiangazi, mizizi yake imeshafika mbali. Mdogo wa miaka mitatu, kwenye udongo ule ulioshindiliwa na magurudumu, bado unataka maji. Kila mtu aliyepanda mti anajua hivyo, na ndiyo maana sikuweza kumwagilia. Ningeonekana na ndoo mara moja tu, mji mzima ungeelewa: wazee wa miaka sitini hawanyweshwi. Uamuzi ungeanguka, na msumeno ungerudi kwa mizima yote. Basi nilikaa kwenye jiwe nikiitazama miche yangu kumi ikikunja majani. Nilijiambia kumi si kitu mbele ya sitini na minne. Nilijiambia hivyo kila siku, na kila siku niliona aibu zaidi.

Kumi, kwa sababu namba tisa ilikuwa kijani. Khadija hakuwa na la kuficha. Alisema tangu mwanzo kwamba ule ni mtoto. Alikuja kila asubuhi na ndoo yake, akamwaga polepole kuzunguka shina, akakwatua udongo kwa kijiti. Kwangu hakutazama. Asubuhi moja ndoo ilionekana kumlemea, nikainuka, nikanyoosha mkono nimpokee.

"Usijisumbue, Mama," akasema. Hakuwahi kuniita Mama hata siku moja. "Huyu ni mzee wa miaka sitini. Atajishikia mwenyewe."

Akamwaga maji yote, akaipindua ndoo, akaenda kufungua hoteli yake.

Nilikaa hapo mpaka jua likawa juu ya daraja. Sitasema nilifikiria sana, kwa sababu sikufikiria. Nilikwenda bombani kwenye kituo cha petroli, nikaazima ndoo mbili, nikajaza. Ilikuwa saa nne, saa ya watu. Wenye mikokoteni walisimama. Mwalimu mkuu alisimama karibu na vyeo vyake. Nilimwagilia namba kumi na tatu, nikarudi bombani, nikamwagilia namba ishirini, na watu wakazidi kuwa wengi. Kwenye namba thelathini na sita nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa Bwana Githinji na mfuko wake wa nailoni.

"Mama Chepkorir," akasema, na nilisikia kwamba anaogopa jibu kuliko mimi. "Hawa wazee bado wananyweshwa?"

Niliweka ndoo chini. Kutoka pale niliweza kuona barabara yote, safu zote mbili, mpaka darajani.

"Si wazee," nikasema. "Ni watoto. Niliwapanda mimi, na namba tisa nilimpanda na Khadija. Wako kumi na mmoja. Andika, Bwana Githinji."

Akapapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili, akitafuta kalamu.